Ukilia Utameza

Mimi nikicheka naziba mdomo kwa kiganja. Wateja wangu pale Nyasho, hapa Musoma, ninapouza vitenge, wanasemaga mama huyu amelelewa, ana adabu za zamani. Nawaacha waseme. Adabu gani? Ninaficha mashimo. Pale ambapo binadamu wengine wana chonge, juu na chini, kulia na kushoto, mimi sina kitu, na meno ya jirani yameegemea huko yakapinda. Aliyenifanyia hivyo ni shangazi yangu wa damu, dada yake baba, na nimemchukia tangu nikiwa darasa la tano. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele kwa nini nilifanya nilichofanya.

Mashimo yenyewe nimeyazoea. Ugonjwa wangu mkubwa ni woga. Naogopa meno. Si ya mbwa wala ya mamba wa ziwani, ya watu. Mteja akicheka mpaka magego yakaonekana, mimi nainama kupanga vitenge ambavyo vimeshapangwa. Kuna duka lina picha ukutani ya mdada anatangaza dawa ya meno, kacheka kichwa kizima, na kwa sababu yake nimepita njia ya nyuma miaka na miaka, kwenye matope na mbuzi. Binti yangu alipoanza kung'oka meno ya utoto, baba yake ndiye aliyemfunga uzi, na ndiye aliyemfundisha kurusha jino juu ya bati na kumwomba panya amletee jipya. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni, nimeziba masikio.

Na mimi mwenyewe nina gego bovu, chini kushoto. Limeniuma wakati wa uchumba, wa ndoa na wa uzazi. Nimelituliza kwa chumvi, kwa vidonge, kwa gongo niliyosukutua na kuitema huku nikimwomba Bikira Maria asinielewe vibaya. Natafuna upande mmoja tu. Mume wangu aliwahi kunipeleka Bunda, akidhani kule hakuna anayenijua nitapata ujasiri. Tulifika mpaka mlangoni kwa daktari wa meno. Ukanijia ule mnuko wa karafuu ambao vyumba vyao vyote vinao, na kilichofuata nasimuliwa tu. Mume wangu alinikuta stendi, nimekaa na akina mama wauza mahindi, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Hakunicheka. Alinunua kandambili nyingine tukarudi Musoma.

Sasa nieleze ulikotoka woga huu.

Huku kwetu, mtoto mchanga akiharisha na homa ikampanda, wapo watu mpaka leo wanaoamini ana meno ya plastiki. Ukimbonyeza ufizi unaona vidoa vyeupe vimejificha chini ya nyama. Ni meno ya kawaida kabisa, yanasubiri siku yao. Lakini wao wanasema hayo ni meno mabaya, ni plastiki, yasipochimbwa mtoto anakufa. Basi anaitwa fundi. Shangazi yangu ndiye alikuwa fundi. Alikuwa na spoku ya baiskeli, ile ile ambayo watu wazima wenye akili zao wanachomea mishikaki, ameiponda ncha kwa nyundo ikawa bapa. Sifa zake zilianzia Butiama zikafika Bunda. Kanisani alikaa benchi la mbele. Mtoto aliyepona, shangazi kamponya. Mtoto aliyekufa, wazazi walichelewa kumleta. Kazi gani nyingine duniani haina hasara namna hiyo?

Mimi alinichimba nikiwa na miezi minne. Hiyo siikumbuki, ila nimeimbiwa maisha yangu yote. Kila sikukuu alikuwa ananivuta mbele za wageni na kuwaambia huyu mnayemwona alikuwa maiti, mimi ndiye niliyemrudisha. Nikatakiwa kumshukuru, nikamshukuru. Nilikuwa mtoto, ningejuaje?

Nilipofika darasa la tano, chonge zangu za ukubwa zilianza kuota. Mbili za juu hazikutokea kabisa. Mbili za chini zilitoka zimepinda, za kahawia, zina mikwaruzo. Leo najua ni kwa sababu ya spoku: alipochimba ya utoto aliharibu na ya ukubwa iliyokuwa chini yake. Siku zile hatukujua. Tulikuwa tunakaa Mugango, baba anavua na mama analima, na shangazi alikuja kutusalimia. Akanishika kidevu, akatazama, akasikitika. Akasema plastiki imerudi. Akasema mwaka ule aliacha mzizi, ni kosa lake, na atalirekebisha bure kwa kuwa mimi ni damu yake.

Uelewe hapo vizuri. Alitazama uharibifu alioufanya kwa mkono wake, akauita ugonjwa, akautibu tena kwa mkono ule ule.

Nililazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na kichanja cha dagaa. Mama alinishika miguu, juu kidogo ya magoti. Shangazi alinikalia kifuani. Alilegeza kwa spoku, akamalizia kwa koleo aliloazima kwa fundi baiskeli. La kwanza lilikuwa na mzizi mrefu na lilikataa. Nilipofungua koo nilie, aliinama mpaka pua yake ikagusa yangu. Nayaona meno yake mpaka leo, yote mazima, meupe, yamepangika. Akaniambia taratibu, bila ukali wowote:

"Ukilia utameza."

Nikanyamaza. Niliamini nikilimeza lile jino litaota tumboni. Nililala pale nikimeza damu na pumzi, macho yameganda kwenye mdomo wake, mpaka akamaliza na la pili. Mama nilimsamehe kabla hajafa, maana yeye alimwogopa wifi yake kuliko nilivyomwogopa mimi. Shangazi sikumsamehe. Shangazi ni baba wa kike, ndivyo tulivyofundishwa, humjibu wala humkatalii. Basi nilimjibu kimoyomoyo, nikikata vitunguu, nikifua, nikifungua duka. Nilipanga siku yake mpaka vipande vidogo. Nilijua meno yale mazuri hayatadumu, hakuna ya mtu yanayodumu. Ipo siku litamuuma, atapelekwa hospitali, na mimi ndiye nitakayempeleka. Daktari atakapovuta dawa ya ganzi, mimi nitasema huyu hahitaji ganzi, daktari, huyu ni mzoefu. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Wengine wanaombea mvua.

Mwaka huu ikajibiwa.

Binti yangu amejifungua, na kwa kuwa mumewe anafanya kazi Bunda na wanakaa chumba kimoja, alikuja kukaa kwetu Kigera mpaka mtoto akomae. Mjukuu wangu wa kwanza, wa kiume, miezi mitano, mate yanamtiririka kutwa. Ndipo wakapiga simu kutoka Butiama: shangazi amevimba shavu, jino linacheza, hali wala halali, na ukoo umeamua aje kwangu kwa kuwa niko mjini karibu na hospitali. Hawakuniuliza, walinitaarifu. Nikasema karibuni. Mume wangu alinitazama usoni akaniuliza mbona nimekubali haraka. Nikamwambia mgeni ni baraka.

Alifika shavu limefungwa kwa kitambaa, amekunjika, fimbo mkononi, na kikapu chake. Nilimpokea kikapu kwa mikono miwili, nikapiga goti kama inavyotakiwa. Nilifurahi, Mungu ananijua. Nilimpikia uji laini na nikakaa kumtazama anavyounywa kwa shida.

Ila furaha yangu ilinifumba macho. Nilitazama shavu lake, sikutazama kikapu.

Siku ya pili mjukuu wangu aliamka na homa na kuharisha. Nilimwambia binti ampe maji yale ya dawa ya kuhara, nikimaliza kufungua duka nirudi twende hospitali. Nikakuta wateja, nikachelewa mpaka jioni. Niliporudi, nikamkuta shangazi amekaa kwenye kigoda uani, mtoto mapajani, kidole chake ndani ya mdomo wa mtoto. Binti yangu alikuwa anachemsha maji. Kwenye sinia kulikuwa na kitambaa cheupe kimekunjuliwa, na juu yake, nakwambia ukweli, ile spoku. Ile ile. Imeisha urefu kwa kunolewa, lakini ninaijua kuliko ninavyojua pete yangu ya ndoa.

Nilisikia ile ladha ya damu, chumvi na chuma, na gego langu likaanza kupiga ngoma. Miaka yote ile nilikuwa nimepanga maneno, na sikuona hata moja. Nilichoweza ni kutembea mpaka pale, nikamnyanyua mtoto, nikamweka begani.

Shangazi hakukasirika. Aliongea kwa shida, shavu limemvimba, lakini kwa upole wa mtu anayejua. Akasema yamejaa, manne, na homa hii haitashuka. Binti yangu alikuwa analia. Alisema, mama, bibi anasema atakufa. Nikamwambia huyo bibi hajui kitu. Ndipo shangazi akanigeukia.

"Wewe mwenyewe nilikuchimba mara mbili. Mbona uko hai?"

Binti yangu akanitazama. Hakuwahi kujua. Mtoto niliyemzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, hakuwahi kuona ndani ya mdomo wangu. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli. Na nikaona usoni mwake kitu kilichonitisha kuliko spoku: alipata matumaini. Mama yake alichimbwa, na mama yake yuko hai, anauza vitenge, mnene, mzima.

Nilimpokonya shangazi kile kitambaa na spoku yake nikaingia navyo ndani. Lakini mimi si mjinga. Spoku za baiskeli Musoma zimejaa. Kesho ningeenda Nyasho, homa ingepanda, na binti yangu kwa hofu yake angefanya walichofanya mama zetu. Maneno yangu yasingemzuia, maana mdomo uliokuwa unayasema ulikuwa umefungwa. Ningemfungulia aone? Nilijaribu. Nilimwita chumbani, nikasimama mbele yake, nikaweka vidole kwenye mdomo. Taya likakataa. Ni la shangazi hilo, alilifundisha kufunga na limejifunza kazi yake vizuri.

Asubuhi nikasema twende hospitali wote: mtoto na homa yake, shangazi na shavu lake, binti, na mimi.

Mtoto alipimwa kwanza. Malaria, na maji yamempungua, akapewa dawa. Lakini binti yangu, kama nilivyotegemea, hakutoka pale bila kuuliza meno. Nesi akasema hapo nendeni kwa daktari wa meno, si mnampeleka bibi huko huko? Mimi nilikuwa nimepanga kumsukuma shangazi mlangoni na kubaki nje, nisikilize. Sasa mjukuu wangu alikuwa anaingia.

Karafuu zilinipata koridoni. Nilishika ukuta. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza kama nina presha, nikamwambia ndiyo, maana ni rahisi kueleza. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikasali Salamu Maria nikaisahau katikati. Kilichoniingiza ndani ni mgongo wa binti yangu. Alikuwa ameshatangulia, mtoto kwenye mbeleko, na shangazi nyuma yake amemshika begani.

Daktari alikuwa binti mdogo, amevaa koti jeupe. Alimtazama mtoto kwa tochi, akabonyeza ufizi kwa kidole, akasema haya ni meno yake halali, msiyaguse, homa inaisha na malaria. Shangazi akaguna. Akasema kwa kilugha chetu, ili daktari asielewe, kwamba hawa watoto wa shule wanajua ya vitabuni, yeye ameyatoa ya watoto wa vijiji vingapi. Na binti yangu akageuza macho kutoka kwa daktari akamtazama shangazi. Nilimwona. Kati ya wale wawili, alikuwa anachagua mzee.

Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti.

Sijui nilivutwa na nini. Nasema ni hasira, maana ujasiri sina. Kiti kilikuwa na plastiki, kikapiga kelele nilipokalia. Niliivua kandambili ya kulia, nikaivaa tena. Nikamwambia daktari, tazama na mimi, na hawa waje wasimame hapa waone. Akawasha taa ile ya juu. Nilishika mikono ya kiti, nikafumba macho, na mkojo ukanitoka kidogo, naandika hivyo hivyo, sioni aibu tena. Nikafungua mdomo.

Daktari akauliza nani alifanya hivi, lakini hakungoja jibu. Alimwita binti yangu karibu. Kwa kidole alimwonyesha chonge zilipotakiwa kuwa, zile ambazo hazikuota, na zile mbili zilizochimbuliwa nikiwa msichana. Alimwonyesha yaliyopinda kwa kukosa wenzake. Akamwambia mtoto akichimbwa leo, hivi ndivyo atakavyokuwa, akibahatika asipate tetenasi. Shangazi akasema hiyo ni mizizi iliyobaki. Daktari akamjibu, kwa heshima zote, kwamba hapakuwa na mzizi wa plastiki, bibi, palikuwa na jino la mtoto.

Nilifumbua macho. Binti yangu alikuwa ameinama juu yangu, anatazama ndani ya mdomo wa mama yake kwa mara ya kwanza, machozi yake yanadondoka kwenye kifua changu. Alinyoosha mkono akaziba mdomo wa mtoto wake kwa kiganja, polepole, kama mimi ninavyoziba wangu. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka nje naye. Hakumtazama shangazi.

Hapo moyo wangu ukatulia upande mmoja. Ukabaki upande mwingine.

Maana ilikuwa zamu ya shangazi. Alipandishwa kwenye kiti nilichokiacha na joto. Alipoona kisahani cha vyuma, yule mwanamke aliyekuwa halegei, alianza kutetemeka mpaka fimbo ikaanguka. Akanishika kitenge. Mkuki kwa nguruwe! Alisema mwanangu usiniache, niombee, mimi ni mzee. Daktari akaanza kuvuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

Maneno yangu yale yalikuwa tayari kwenye ulimi. Huyu hahitaji, ni mzoefu. Na nisidanganye, sikuyameza kwa huruma. Niliyameza kwa sababu mlango ulikuwa wazi na binti yangu yupo nje. Shangazi akipiga ukunga mle ndani, binti angesema hospitali ndiyo inayoua, na mjukuu wangu angerudi kwenye kigoda. Basi akachomwa ganzi yake, tena nikamwomba daktari aongeze. Kisasi changu nilikikata nusu kwa ajili ya mtoto. Nusu iliyobaki nikaidai.

Shangazi alikuwa anarusha miguu. Daktari akaniuliza kama ninaweza kumtuliza. Nikasema ninaweza. Nikazunguka, nikamshika juu kidogo ya magoti, pale pale, kwa uzito wangu wote. Miguu yake ilikuwa imekauka, haina nguvu. Koleo lilipoingia na akafungua koo alie, niliinama mbele mpaka uso wangu ukaukabili wake. Nikatabasamu, mdomo wazi, mashimo yote manne, ayaone vizuri kwenye ile taa.

"Shangazi," nikamwambia taratibu. "Ukilia utameza."

Aliyakumbuka. Niliona yanafika, kwenye macho, moja baada ya jingine. Akanyamaza. Alilala pale akinitazama mdomoni, machozi yanamwingia masikioni, mpaka jino likatoka. Na mimi, ninayezunguka kwa mbuzi kukwepa picha ya ukutani, nilitazama kila kitu mpaka mwisho. Liligonga kisahani nikasikia, na sikutapika.

Usiniulize kama nimepona. Gego langu bado liko pale, daktari amenipangia siku, na nikiifikiria siku hiyo nainama kupanga vitenge. Picha ya mdada nimepita mbele yake mara moja tu, mbio. Mwanajumuiya mwenzangu wa kanisani niliyemsimulia aliniambia nimsamehe mzee wa watu, mwisho wake umekaribia. Nikamwambia nitamsamehe, jambo hilo nimeliweka mwisho wa orodha.

Shangazi alikaa kwetu mpaka uvimbe ukaisha. Mtoto alipata nafuu akaanza kuuma kila kitu kwa ufizi wake, na binti yangu alimbeba hata akienda chooni. Siku ya kuondoka kwenda Butiama ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, nikachoma nyama uani. Shangazi alikuwa amefunga kikapu, anakifungua, anakifunga tena. Mwishoni akaniuliza, bila kunitazama, spoku yake niliiweka wapi.

Nikamwonyesha kwenye jiko la mkaa. Ilikuwa na vipande vinne vya nyama na vitunguu, mafuta yanadondoka.

"Hii hapa, shangazi. Kaa ule."

Alisema hawezi kutafuna. Nikaichukua mimi, nikavuta kipande cha kwanza kwa meno niliyobakiwa nayo, na binti yangu akacheka, na mimi nikacheka mpaka yakaonekana yote.